UZI: Mfadhili anataka maoni yetu kabla ya mkutano wa dhuluma za nyumbani. Niwaulizeje wenzangu waseme kweli?

BintiTudor (mleta uzi)

Asalaam aleikum wote, na wale wa habari za jioni, habari za jioni.

Niko kwenye shirika dogo hapa kisiwani. Mfadhili wetu, jina naliweka kapuni, anasaidia mashirika ishirini na kitu ya Mombasa, Kwale na Kilifi. Kuna wenye makao salama, kuna wa ushauri nasaha, kuna wasaidizi wa kisheria, na kuna vikundi vya kina mama ambavyo kazi yao ni kumshika mtu mkono kutoka hospitali hadi kortini asije akarudi nyuma. Kila mwaka tunaitwa mkutano wa siku tatu. Na kila mwaka tunakuta ratiba imeshachapishwa: mgeni rasmi saa tatu, chai saa nne na nusu, kisha mtaalamu anatufafanulia aina za dhuluma. Mama anayelala na simu chini ya mto kwa sababu anapigiwa usiku wa manane anakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe afafanuliwe aina za dhuluma, jamani.

Mwaka huu tulinung'unika mpaka ikasikika. Jibu likaja: haya, kusanyeni maoni ya wenzenu, mkutano utapangwa kwa hayo. Kazi nikaangushiwa mimi.

Rasimu yangu ya maswali ndiyo hii: Ungependa mada gani zijadiliwe? Changamoto zenu ni zipi? Mkutano uliopita unaupa alama ngapi, moja hadi tano? Una mapendekezo mengine?

Nimewajaribia wachache. Majibu: "kujengewa uwezo", "uhaba wa fedha", nne, "tuko sawa". Na hawa ni watu ambao tukiwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani hawanyamazi. Sasa nipeleke nini?

Kibarazani

Hawajakudanganya, dada. Wamekujibu ulichouliza.

Anayeuliza hapa ndiye anayelipa, na kila mtu anajua. Nani ataandika kwamba pesa za robo ya pili zilichelewa mpaka makao yakakosa unga, ilhali jina la shirika lake liko juu ya fomu na mkataba mpya unasainiwa baada ya mkutano? Hayupo. Ataandika "kujengewa uwezo" kwa sababu neno hilo halijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Kabla hujagusa maswali, amua majibu yanamfikia nani kwanza. Kama ni ofisi ya mfadhili moja kwa moja, acha tu, pumzika, chukua zile alama nne upeleke.

PembeniYaKorti

Naunga mkono Kibarazani, ila maswali nayo yana shida. "Changamoto zenu ni zipi" futa kabisa. Uliza hivi: kesi ya mwisho iliyowakwama, ilikwama kwenye mlango gani?

Nikupe yangu. Mama mmoja, sehemu sitaji. Mume hampigi. Amemchukulia kitambulisho na simu, amebadilisha kufuli ya nyumba, na mama mkwe anakuja kila asubuhi kumtukana mbele ya watoto. Tunafika kituoni, anatazamwa juu chini: "Jeraha liko wapi? P3 tuijaze nini?" (P3 ndiyo ile fomu ya polisi ya kuandikia majeraha.) Ukweli ni kwamba Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015 inataja waziwazi dhuluma ya kiuchumi, ya kihisia, mtu kuzuiwa kuingia nyumbani kwake, hata wakwe kuingilia ndoa. Na amri ya ulinzi inaombwa kortini, haingojei mtu avunjwe mkono.

Sasa mimi nikiulizwa nataka mada gani, nitasema "Sheria ya 2015". Mfadhili ataniletea wakili na slaidi arobaini kuhusu sheria ambayo naijua kifungu kwa kifungu. Lakini ukiniuliza nilikwama mlango gani, nitakwambia: Ijumaa saa kumi alasiri, kati ya dawati la jinsia la polisi na masjala ya mahakama, karani ameshafunga, na mama anarudi wapi mpaka Jumatatu? Hapo mkutano unajipanga wenyewe. Simtaki mhadhiri. Nataka mkuu wa kituo, karani wa mahakama na mtu wa makao salama wakae meza moja, waniambie Ijumaa ile nani anapokea simu.

Tuna bahati hapa Mombasa, mahakama maalumu ya kesi za dhuluma za kingono na kijinsia ilizinduliwa Shanzu mwaka 2022, ya kwanza nchini. Watu wake wako karibu. Waalikwe waje kujibu maswali, wasipewe kazi ya kufungua mkutano halafu wakaondoka kabla ya chai.

NesiWaZamu

PembeniYaKorti, hiyo Ijumaa yako naijua. Huwa wananiletea mimi.

BintiTudor, la kwangu ni hili: fomu yako usiitume kwa barua pepe ya shirika. Ukiituma huko itajazwa na mkurugenzi au afisa wa miradi, na hao ndio wanaojua lugha ya ripoti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muulize anayeshika simu usiku. Muulize dereva wa shirika kama wanaye, au yule wa tuktuk wanayempigia kila siku. Muulize anayepika kwenye makao.

Kwetu hospitali tatizo kubwa ni saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinafaa kuanza ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Mtu anakuja siku ya nne. Alikuwa wapi? Alianzia kwa mzee wa mtaa, akapelekwa kwa chifu, akaambiwa alete shahidi, familia ikakaa kikao, na alikuwa ameoga na nguo zimefuliwa. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa ule angeulizwa, angekwambia hata nyumba ya kile kikao. Hakuna mkutano wa huduma hizi niliowahi kuona wahudumu hao wamealikwa. Mkurugenzi hawezi kuliandika hili kwenye fomu, kwa sababu halioni.

Halafu P3. Fomu yenyewe ni bure, lakini kina mama bado wanaambiwa walipe ili ijazwe. Ukiuliza kwa jumla utaambiwa "gharama". Uliza alilipa nini, mlango gani, na alipewa risiti au la.

JamaaWaBamburi

Semeni kweli nyinyi, watu wanaenda hii mikutano kwa ajili ya posho na bafe. Maoni ya nini?

MamaWaMakao

Kaka Bamburi, posho naitaka na siionei haya. Siku tatu nikiwa hotelini kuna mtu lazima alale kwenye makao badala yangu, na huyo nampa kutoka mfukoni. Mtu wa ofisini anaacha kompyuta yake imezimwa. Mimi naacha wanawake na watoto.

BintiTudor, hili nalo liwe swali: ukija mkutanoni, nani anabaki, na analipwa na nani? Mkutano mmoja nilitoka nje kila baada ya nusu saa kupokea simu, na kwenye ripoti ya washiriki wakaandika "baadhi ya washiriki hawakuwa makini".

JamaaWaBamburi

Haya mama, nimekusikia. Yaishe.

DataNaDagaa

Nazungumzia usiri, maana Kibarazani amefungua mlango na hakuna aliyeingia.

Kuondoa jina peke yake hakutoshi. Mashirika ni ishirini na kitu. Mtu akiandika "sisi wenye makao upande wa Kwale", kuna wangapi? Mfadhili atamjua kabla hajamaliza sentensi. Fomu ya mtandaoni ikiomba barua pepe, basi hata "bila jina" ni porojo. Na mtindo wa kuandika pia ni jina, kuna watu tunawajua kwa alama za mshangao tu.

Ningefanya hivi. Mtafute mtu ambaye hapokei pesa kwa mfadhili huyo na haombi. Mwalimu wa chuo, karani mstaafu, yeyote mwenye mdomo mzito. Yeye ndiye apokee majibu: ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, simu, au wakae naye. Sauti ni bora, watu wetu wanasema vizuri kuliko wanavyojaza visanduku, na hata asiye na kompyuta anajibu akiwa kwenye foleni. Aandike kwa maneno yake, akusanye kwa jambo na si kwa kaunti wala shirika, kisha azifute zile sauti. Jambo lililotajwa na shirika moja peke yake aliweke kwa namna isiyomtambulisha aliyesema, au amuulize kwanza. Mfadhili apate karatasi hiyo tu.

Tena hapa kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya ndoa, afya na habari za familia kuwa data nyeti. Watu wakijibu swali la "kesi iliyokwama" watasimulia, na wakisimulia watamtaja mama wa watu. Waambie mwanzoni: usitaje jina, mtaa, idadi ya watoto wala kazi ya mume. Huku kwetu "mke wa yule mwenye duka la vipuri karibu na msikiti" ni jina kamili.

NjeYaNchi_lakiniWenu

Niko Marekani, shemeji yangu mmoja anafanya kazi kwenye makao ya wanawake huku. Pesa zao nyingi za serikali kuu zinatoka kwenye sheria ya 1984 ya kuzuia dhuluma katika familia, zinapitia wizara ya afya. Wao pia huitwa mikutano ya wanaopokea ruzuku, na huulizwa maoni. Tofauti iliyonishangaza: idara ya serikali kuu ikitaka kuuliza watu kumi au zaidi maswali yale yale, kwa sheria ya 1995 inabidi kwanza itangaze hadharani, ingoje siku 60 watu waseme kama maswali yana maana, ipeleke kwa ofisi ya bajeti ya Ikulu ikubaliwe, na iandike makadirio ya muda atakaotumia mtu kujibu. Dakika zinahesabiwa kabla hujamsumbua mtu.

Urasimu huo siuombei Mombasa, tutazeeka. Ila kile kipengele cha muda kichukueni. Andika juu kabisa: utatumia dakika kumi. Halafu ujijaribie mwenyewe na saa mkononi.

Lingine, wanaopokea pesa hizo wamekatazwa na sheria kutoa habari za kumtambulisha manusura bila ridhaa yake ya maandishi, na ridhaa hiyo ina mwisho wake. Kwa hiyo hata mfadhili mwenyewe akiuliza "nipe mifano", hapewi mtu.

Kibarazani

Siku 60? Huku tunapewa barua Jumatatu, "maoni yafike Jumatano".

LikoniKwetu

Mumeongea mambo makubwa, mimi nina madogo ambayo ndiyo yanayoua mkutano.

Mahali. Kila mwaka ni hoteli ya Nyali au Shanzu. Mtu wa Lunga Lunga au Msambweni anashuka Likoni, anapanda feri, na kwa miguu ni bure lakini asubuhi ile umati unajua wenyewe, halafu matatu mpaka Nyali, na saa mbili na nusu awe ameketi. Anafika saa nne, anaambiwa Waswahili hawana saa. Swali liwe: unatoka wapi, na unatoka nyumbani saa ngapi ili ufike?

Siku. Ijumaa msiweke, mchana wote umekwenda. Na msiweke ndani ya zile Siku 16 za kupinga dhuluma za kijinsia, kuanzia 25 Novemba mpaka 10 Desemba. Kila shirika lina matembezi yake, redio zinatuita, kaunti inatuita, fulana hazijafika.

Sasa ubao. Hoteli huweka ubao pale mapokezi, jina la mkutano na jina la ukumbi. Mwaka mmoja uliandikwa wazi, manusura wa dhuluma za nyumbani, ukumbi fulani, ghorofa ya kwanza. Kulikuwa na dada mmoja aliyeletwa atoe maoni kama manusura, amekimbia nyumba. Anaingia mlangoni, anausoma, na nyuma ya meza ya mapokezi amesimama kijana, binamu ya mumewe. Aligeuka pale pale, baji hata hakuchukua. Mratibu alibaki akimpigia simu haipokelewi, na ndani huko mwendesha kikao anasema tumsubiri mwenzetu kidogo, yuko njiani.

Kwa hiyo ulizeni pia: nini kikifanyika pale ukumbini, wewe au mtu wako hatakuwa salama? Picha, ubao, orodha ya mahudhurio inayozungushwa yenye nambari ya kitambulisho na simu ya kila mtu, fulana za rangi moja. Majibu mtakayopata hamkuyategemea.

NesiWaZamu

Subhanallah. Yule dada alipatikana?

LikoniKwetu

Alipatikana, alhamdulillahi. Alihamishwa kaunti nyingine. Mikutano hataki tena kuisikia.

UstadhMdogo

Nina ombi na najua litazua maneno. Kwenye orodha ya wa kuulizwa, waingizeni maimamu na wachungaji. Mama wa Kiislamu hapa Mvita, kabla ya kituo cha polisi, ameshakwenda kwa imamu au kwa Kadhi. Tunasuluhisha kwa nia njema, lakini wengi wetu hatujui mpaka wetu uko wapi. Mahakama ya Kadhi ina ndoa, talaka na urithi. Kumvunja mtu taya ni jinai, haina suluhu ya msikitini. Kuna wenzangu wanahitaji kuambiwa hivyo na mtu wanayemheshimu.

MamaWaMakao

Ustadh, kwa heshima zote. Waulizwe, ndiyo. Lakini wakikaa ukumbini siku ya kwanza, wanawake wangu hawatafungua mdomo. Nimemwona imamu mwema kabisa akiingia, na sauti zote zikashuka. Na wapo wachungaji vilevile, tusionee upande mmoja.

UstadhMdogo

Sina ubishi, mama. Basi tupewe siku yetu, ya tatu, tukiwa tumeshaletewa maswali ya kina mama yakiwa yameandikwa. Sisi tujibu, wao wasilazimike kuwapo.

MamaWaMakao

Hapo tumeelewana. BintiTudor, usikate shauri hili peke yako. Waulize wenzako: nani mnamtaka ukumbini, na nani akiwapo hamtasema?

Mwanamume_Pia

Na sisi wanaume tunaopigwa? Au mkutano si wetu?

DataNaDagaa

Kaka, swali ni la haki. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulipata kwamba asilimia 34 ya wanawake na asilimia 27 ya wanaume wamewahi kufanyiwa dhuluma ya kimwili tangu walipofika miaka 15. Dhuluma ya kingono ni 13 kwa 7. Kwa hiyo mashirika yaulizwe: mwanamume akija mlangoni kwenu mnampeleka wapi? Ninashuku majibu mengi yatakuwa "hatujui", na hilo peke yake linatosha saa moja ya mkutano. Ila tusiligeuze uzi.

Kwa anayesoma hapa na yuko kwenye shida sasa hivi: 1195 ni bure kupiga, na ya watoto ni 116.

PembeniYaKorti

Kuna jambo limeachwa. Pesa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, na Julai shirika lake la misaada, USAID, likafungwa, kuna mashirika ya huku yalipoteza wafanyakazi bila hata kuwa na mkataba na Wamarekani moja kwa moja, kwa sababu waliokuwa wakiwapelekea manusura walifunga. Mfadhili huyu ataweka mada ya "kujitegemea", nawahakikishia. Mtu wa makao salama atajitegemea vipi, awatoze kodi wanawake waliokimbia na nguo za mwilini? Ulizeni badala yake: ni huduma gani mliyokuwa mkimtuma mtu, na sasa haipo? Mkipata majibu ya kaunti zote tatu mna ramani ya mashimo. Hata serikali ya kaunti haina ramani hiyo mkononi.

Kibarazani

Na la mwisho kutoka kwangu: wakishajibu, watajuaje walisikizwa? Tulishawahi kujaza. Ratiba ikaja ile ile. Ndiyo maana siku hizi tunaandika nne.

Kabla ya mkutano watumieni karatasi: mlisema hivi, tumefanya hivi, hili hatukuweza na sababu ni hii. Mfadhili akikataa kuandika sababu, mtakuwa mmejua mapema.

BintiTudor (mleta uzi)

Shukran sana. Nimeipeleka hoja ya mtu wa kati kwa mfadhili, akasita, kisha akakubali. Tumempata mwalimu mstaafu, anaaminika pande zote mbili za feri. Karatasi ya "mlisema, tumefanya" pia amekubali, ila sababu za kukataa anataka azipitie kwanza yeye. Hilo bado tunavutana.

Maswali yamebaki sita, ya kujibu kwa sauti. Kesi ya mwisho iliyowakwama, ilikwama mlango gani na saa ngapi? Ni huduma gani mliyokuwa mkimtuma mtu na sasa haipo? Nani mnamtaka ukumbini mumuulize, na nani akiwapo hamtasema? Nini kikifanyika pale mtu wako hatakuwa salama? Ukija, nani anabaki na analipwa na nani? Unatoka wapi, na saa ngapi? Nimejipimia kwa saa, dakika kumi na mbili nikiongea taratibu.

Kila shirika watajibu wawili, mmoja lazima awe wa zamu ya usiku au wa mashinani. Wahudumu wa afya ya jamii tutawafuata wenyewe, Likoni, Kisauni na Jomvu kwanza. La wanaume nimelitia ndani ya swali la pili, mwalimu ataliuliza kwa mdomo. Mkutano umewekwa nje ya Siku 16, na ukumbi tunatafuta upande wa kusini.

LikoniKwetu, ubao wa hoteli nimeuandika kwenye mkataba: jina la kundi tu, na hatutaki picha.

LikoniKwetu

Jina la kundi liwe gani? Msiandike la mfadhili, lile nalo linajulikana.

BintiTudor (mleta uzi)

"Kikao cha Wadau". Mtu akiuliza ni wadau wa nini, wa samaki.

NesiWaZamu

Wahudumu wa afya wa Likoni naweza kukukusanyia Jumatano baada ya kliniki. Mwambie mwalimu aje na kitabu na kalamu, na chaja ya simu ya ziada, stima ya huku haiaminiki.